Awinja wa Mabati Mekundu, Aliyechelewa Kazini

Wapendwa waombolezaji, wachungaji wetu, wazee wa Mautuma na nyote mlioamka mapema kutoka Lurambi, Shieywe na Kakamega mjini, tunaomba akina mama wenye watoto wasogee kivulini na wale walio nyuma wakaribie, ili tuwasomee maisha ya mama yetu Maximilla Awinja Shikanga, ambaye nusu yenu mnamwita Mama Barasa na nusu nyingine mnamwita Awinja wa Mabati Mekundu, na ambaye leo, Jumamosi, Oktoba 11, 2025, amelala mbele ya nyumba yake mwenyewe, hii mnayoiona, yenye ukuta uliokandikwa vizuri na mstari mweupe wa majivu chini ya dirisha. Tumeanza kwa kuitaja nyumba kwa sababu kwa karibu miaka hamsini marehemu aliamini kwamba hana nyumba, na katika mwaka wake wa mwisho hakuogopa kufa hata siku moja, alichoogopa ni kukosa mahali pa kulazwa.

Marehemu alizaliwa Jumanne, Machi 6, 1951, katika ile hospitali ndogo ya zamani iliyo kwenye mteremko wa kushuka mtoni upande wa Lurambi, ambayo jina lake la ofisini watu walilisahau zamani, wakawa wanaiita tu Mabati Mekundu kwa ajili ya paa lake. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Wanzala Osundwa, mpishi wa hospitali hiyo, na marehemu Mama Jescah Mideva. Alizaliwa kwenye kitanda cha tisa, mkono wa kulia ukiingia, chini ya dirisha linalotazama mtoni, na inasemekana babake aliposikia sauti yake aliacha sufuria ya uji motoni akakimbia kumwona, uji ukashika chini, na siku hiyo wodi nzima ikanywa uji wa moshi bila mtu kulalamika, kwa maana kila mama aliyekuwa amelala pale alijua sababu.

Alikulia katika nyumba za wafanyakazi, kati ya jiko la babake na mlango wa wodi, akajifunza kutembea juu ya ile sakafu nyekundu ya saruji iliyopigwa nta hata ikawa inaonyesha mawingu yakipita dirishani. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba akiwa mdogo aliamini watoto huja na mvua, kwa sababu mvua ya Kakamega ikianza kupiga yale mabati hakuna mtu anayeweza kusikia kitu kingine, na kila mara ilipokatika, katika ule ukimya unaofuata, kulikuwa na kilio kipya ndani ya wodi. Hata alipokuwa mtu mzima na kujua jinsi watoto wanavyokuja, bado mvua ikikatika aliinua kichwa kidogo, akangoja.

Mwaka 1958 alijiunga na shule ya msingi iliyokuwa karibu na hapo, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1965, na mwezi wa Novemba mwaka huo Mzee Wanzala akaaga dunia, masomo yakaishia hapo. Lakini muuguzi mkuu wa wakati huo, aliyemjua tangu akiwa mtoto wa jikoni, alimwita kila alasiri akamsomesha kutoka kwenye zile kadi zilizoning'inizwa miguuni pa vitanda, jina, kijiji, tarehe, uzito wa mtoto, na hivyo ndivyo marehemu alivyopata kumbukumbu yake iliyojulikana na wote, kwa maana alichokisoma kwenye kadi hakikumtoka tena.

Tarehe 2 Januari, 1968, aliajiriwa hapo hapo Mabati Mekundu kama mfagizi, na mwaka 1973 akafanywa msaidizi wa wodi. Wengi wenu mliopitia mikononi mwake mnajua jinsi alivyofanya kazi, kwamba hakufagia chini ya kitanda cha mama aliyelala hata kama mkubwa wake anangoja, kwamba maji ya kuoga aliyapasha moto kabla hajaombwa, na kwamba nyuma ya mlango aliweka kikapu cha vipande vya blanketi kuukuu, alivyovikata na kuvipinda kwa mkono, ili mama aliyekuja bila kitu asiondoke na mtoto ndani ya kanga iliyolowa. Tena alikuwa na desturi yake ambayo hakufundishwa na yeyote. Siku mama anaporuhusiwa kwenda nyumbani, marehemu ndiye aliyembeba mtoto, mama akitembea mikono mitupu kando yake, wakapita kati ya vitanda, wakashuka ngazi tatu, wakafuata njia ya changarawe hadi langoni, na pale langoni, si kabla, ndipo alipomkabidhi mama mtoto wake na kumtakia safari njema, kwa sababu alisema mwanamke aliyetoka kuzaa anapaswa kutembea hatua chache bila mzigo, maana baada ya hapo hakuna mzigo wake mwingine utakaobebwa na mtu.

Jumamosi, Desemba 19, 1970, marehemu alifunga ndoa na Bwana Wesley Shikanga wa hapa Mautuma, waliyejuana alipomleta dadake kujifungua, na ukoo wa Shikanga ukapeleka ng'ombe sita na mbuzi wawili kwa Mama Jescah, wakapokelewa kwa ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu, na mume wake akamjengea nyumba hii. Tarehe 3 Agosti, 1972, Mungu aliwajalia mtoto wa kiume, Barasa, aliyezaliwa Mabati Mekundu kwenye kitanda kile kile cha tisa, na siku ya kutoka marehemu alimbeba mwenyewe hadi langoni kwa sababu siku hiyo hapakuwa na mwingine wa kumfanyia. Barasa aliishi siku kumi na moja, naye amezikwa nyuma ya nyumba hii, penye lile jiwe jeupe.

Baada ya hapo hakupata mtoto mwingine. Hakuna aliyemfukuza, na ni haki tuseme hivyo mbele ya wazee, lakini kuna maneno yanayosemwa kwenye foleni ya kusaga mahindi na kuna kunyamaza kunakokaa mezani, na marehemu aliyasikia hayo na kuuona huo ukimya kwa miaka mitatu. Tarehe 8 Desemba, 1975, alifagia nyumba yake, akafunga mlango, akatundika ufunguo kwenye msumari ulio kando ya fremu, akachukua mfuko mmoja, akamwambia mama mkwe wake kwamba anakwenda kazini. Mama mkwe alielewa, lakini mtu yeyote aliyemuuliza tangu siku ile, jirani au mchungaji, alijibiwa kwamba mke wa Wesley amekwenda kazini, naye hakuongeza neno hadi alipokufa, na huo ulikuwa wema mkubwa, kwa sababu mke aliyekwenda kazini hajaacha nyumba.

Marehemu mwenyewe hakulijua hilo. Alirudi Mabati Mekundu, akapewa chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa cha kufulia, akajua moyoni kwamba nyumba isiyokandikwa huanguka yenyewe kwa mvua mbili au tatu. Mwaka 1976 akasikia kwamba Bwana Shikanga ameoa mke wa pili, naye ni Mama Jerotich, huyu aliyekaa hapa mbele yenu, akamwombea heri.

Tarehe 22 Aprili, 1977, msichana mmoja aliletwa Mabati Mekundu kwa uchungu wa mtoto wa kwanza, akiogopa sana, hajui Kiluhya sawasawa, na kwenye kadi yake paliandikwa Jerotich Shikanga, Mautuma. Marehemu aliisoma kadi hiyo mara moja tu. Alipasha maji, akamkanda mgongo, akamshika mkono tangu asubuhi hadi saa tisa mchana mtoto alipozaliwa, msichana, Chebet, na kwa siku tatu akamletea uji mapema kuliko wengine. Mama Jerotich anasema alimuuliza mara mbili yeye ni nani, na mara zote mbili alijibiwa neno moja.

"Mimi ni wa hapa wodini tu, mwanangu, kunywa uji."

Siku ya nne marehemu akambeba Chebet kama alivyowabeba wengine, wakashuka zile ngazi tatu na kufuata changarawe, na langoni alikuwa amesimama Bwana Wesley Shikanga na baiskeli yake. Marehemu alimkabidhi Mama Jerotich mtoto, akamfunika vizuri kwa kipande cha blanketi, akawatakia safari njema, akageuka. Ni walipokuwa mbali barabarani ndipo Bwana Shikanga aliposimamisha baiskeli akamwambia mkewe yule mwanamke ni nani, na Mama Jerotich akakaa chini kando ya barabara akalia, na mwezi wa Desemba mwaka huo, alipomaliza kukandika nyumba yake, alichukua udongo uliobaki akaja akakandika hii.

Basi miaka ikaenda, na Mabati Mekundu ikabadilika. Mwaka 1983 wodi mpya ya uzazi ilifunguliwa mjini, vitanda kumi na viwili vikabebwa kwa lori, na pale vilipokuwa vimesimama kwa zaidi ya miaka thelathini vikaacha alama, vishimo vinne vinne katika saruji nyekundu, ambavyo viko hadi leo. Wagonjwa wa kifua kikuu waliletwa wakakaa miaka minane, na marehemu akawa anawasogeza kwenye jua la veranda asubuhi na kuwarudisha likikaza. Mwaka 1991 waliondolewa, jengo likafanywa ghala la mbolea ya wakulima wa miwa, magunia yakapangwa hadi kwenye madirisha, na marehemu akabaki kama mtunza funguo, naye alisema kwamba miaka ile ndiyo iliyokuwa na ukiwa kuliko yote, kwa sababu mvua ilipokatika alisikia panya tu. Lakini hakuacha kupiga nta kile kipande cha sakafu kilichobaki wazi, cha upana wa mlango, na madereva wa matrekta walimcheka kwamba anang'arishia magunia, naye akawaambia wapanguse miguu.

Mwaka 1998 mbolea ikahamishwa, na Mwalimu Christine, aliyepo hapa, akaomba jengo liwe shule ya nasari. Watoto thelathini wakakalishwa penye zile alama, wawili watatu kwenye kila kitanda, na mzazi aliyemleta mtoto aliwahi kusimama mlangoni akicheka peke yake, kwa sababu mtoto wake amekalishwa mahali yeye mwenyewe alipozaliwa. Hapo ndipo desturi ile nyingine ilipoanza, ya watu wazima kupita kwa Awinja kuuliza vitanda vyao. Alikuwa akimtazama mtu, akamuuliza jina la mamake, akafumba macho kidogo, kisha akamwambia, wewe ni wa kitanda cha nne, siku ya mvua ya mawe, mamako alikuwa na leso ya njano. Walikuja wakata miwa, walimu, hata mtu wa suti aliyeacha gari barabarani akatoka akifuta macho. Na yuko mwendesha bodaboda mmoja wa kituo cha pale, ambaye leo amewaleta wengi wenu bila malipo, aliyekuwa akimpigia kelele kila siku akipita, nyanya, kitanda changu kina kodi ngapi, naye marehemu akamjibu mbele ya wenzake wote kwamba yeye hakulala kitanda chochote, alizaliwa mlangoni kwa sababu mamake alikuwa bado anabishana bei ya ndizi.

Tarehe 17 Mei, 1999, Bwana Wesley Shikanga aliaga dunia hapa Mautuma. Mama Jerotich, ambaye kwa heshima hangeweza kwenda kumvuta mkono mke mkubwa kama mtu anayemwamuru, alimwomba mwalimu mmoja wa hapa Mautuma amwandikie barua, ya kumwita msibani na ya kumwambia kwamba nyumba yake ipo. Akaielekeza mahali alipomjua, Wodi ya Uzazi, Mabati Mekundu. Lakini wodi ya uzazi ilikuwa imehamia mjini miaka kumi na sita iliyopita, na barua ikapelekwa huko, ikakaa, ikarudi Mautuma baada ya miezi mingi haijafunguliwa. Marehemu alisikia habari ya kifo cha mumewe wakati mazishi yalikuwa yamepita miezi miwili, akasema moyoni, basi sikuitwa. Mama Jerotich naye alipoiona barua imerudi akasema, basi hakutaka kuisoma. Na hivyo wanawake wawili wenye mioyo mizuri wakakaa miaka mingine ishirini na sita, kila mmoja akiheshimu hasira ya mwenzake ambayo haikuwapo.

Marehemu alistaafu Machi 31, 2006, akapaswa kuhama, lakini Mwalimu Christine na wazazi wa nasari walisema hawamjui mtu mwingine anayejua dirisha lipi halifungi, wakaomba abaki katika chumba chake, akabaki. Januari 2008 watoto walikaa nyumbani, kwa sababu familia zilizokimbia makwao kwa ghasia za baada ya uchaguzi zililala humo wiki saba, na kile kikapu cha vipande vya blanketi kikatolewa tena, na jioni aliwapanga watu kwa alama za vitanda ili kila familia ijue pake na watoto wasipoteane. Mwaka 2020 palifanywa mahali pa kupima ugonjwa wa korona, nasari ikafungwa, muuguzi, Sista Chepkemoi, akaletwa na hema lake na vipimajoto vyake, na marehemu akampikia chai akiwa amejifunga leso puani.

Ilikuwa Jumamosi, Mei 9, mwaka huo wa 2020, alasiri, mvua ya mawe ikiwa imefunga barabara na mto umepita juu ya daraja, Wendy wa Shieywe, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, alipokwama pale na uchungu. Marehemu hakuuliza kama ni mgonjwa wala kama amepimwa. Alifagia kitanda cha tisa kilichokuwa sakafu tupu, akatandika godoro lake mwenyewe, akamwita Sista Chepkemoi, akapasha maji. Mtoto huyo, Griffin, alizaliwa mvua ikiwa bado inapiga, na ilipokatika, sauti ya kwanza ya mtoto mchanga kusikika Mabati Mekundu baada ya miaka thelathini na saba ilikuwa yake, na marehemu alikuwa amesimama dirishani ameinua kichwa. Kesho yake alimbeba hadi langoni, akiwa na miaka sitini na tisa, akipumua kwa shida kwenye zile ngazi, akakataa kusaidiwa.

Kuhusu ugonjwa wake, ulianza mwishoni mwa mwaka 2024 kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi, na mwezi wa Februari mwaka huu madaktari mjini Kakamega wakaona kwamba ni moyo, umechoka. Alilazwa mara tatu. Ni wakati huo alipoanza kuuliza swali lake, kwamba atalazwa wapi, polepole, kama mtu anayeuliza saa. Kwa mila zetu binti aliyeolewa akarudi hana nafasi ndani ya boma la babake, hulazwa pembeni karibu na ua, naye alisema hilo angelivumilia, ila pembeni ya ua ni mbali na Barasa. Sisi wa Mabati Mekundu tulidhani tunamsaidia, tukakusanyika watu arobaini na zaidi, tukaenda ofisini kuomba alazwe pale penye changarawe karibu na lango, tukajibiwa kwa upole kwamba ardhi ile ni ya umma. Tulipomwambia alitabasamu, akasema hata hivyo langoni si mahali pa kukaa, ni mahali pa kupita.

Jumamosi, Agosti 30, Mwalimu Christine na Wendy walifunga safari kuja Mautuma, bila kumwambia marehemu, wakiwa tayari kufukuzwa. Walitaka tu kuona kama jiwe la Barasa bado lipo. Walipofika hapa walimkuta mama mmoja wa miaka sabini amepanda kigoda, mikono yake imejaa udongo hadi viwiko, anaziba mahali mvua ilipokula ukuta wa nyumba hii. Wakamsalimu, wakamuuliza nyumba ni ya nani.

"Ya mwenyewe," akasema, bila kugeuka. "Hayupo. Amechelewa kazini."

Mwalimu Christine akamweleza kwamba wametoka kwa mwenyewe huyo. Walikaa hapo hadi jua likapinda, Mama Jerotich akawaeleza yote, akawaletea barua ile iliyorudi, akawafungulia nyumba, na ndani palikuwa pamefagiwa, kitanda kimetandikwa, hakuna gunia hata moja la mahindi lililowahi kuwekwa humo katika miaka arobaini na minane. Wazee wa ukoo walipoitwa, wapo waliosema kwamba mwanamke aliyekaa nje miaka hamsini hawezi kurudishwa, na Mama Jerotich akawauliza kwa sauti ndogo ni ng'ombe yupi kati ya wale sita wa mahari aliyerudishwa, na kama yupo aonyeshwe kamba yake, wazee wakatazamana, mmoja akacheka, na baraza likaishia kwenye chai.

Jumatatu, Septemba 1, Mama Jerotich alifika hospitalini mjini na kanga mpya. Marehemu alimtambua kabla hajafika kitandani. Walishikana mikono kwa muda mrefu, na Mama Jerotich akainama.

"Dada, nyumba haijaanguka."

Marehemu akauliza ufunguo uko wapi, akaambiwa uko pale pale kwenye msumari, na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu augue. Siku zilizofuata alitaka kuambiwa habari za nyumba tu, udongo unachotwa wapi, kama dirisha la nyuma bado linalia likifunguliwa, na aliwasimulia wauguzi kama bibi harusi.

Jumamosi, Septemba 20, daktari alimruhusu, akijua na sisi tukijua. Gari lilisimama langoni hapa, naye hakuweza kutembea. Chebet, ambaye miaka arobaini na minane iliyopita alibebwa naye hadi lango lile jingine, akavua viatu, akainama, akambeba mgongoni kutoka langoni hadi mlangoni, na Mama Jerotich akatembea kando yao mikono mitupu. Walipofika, Mama Jerotich alichukua ufunguo kwenye msumari lakini hakufungua, alimpa, kwa sababu nyumba hufunguliwa na mwenyewe. Marehemu alikaa ndani ya nyumba yake siku kumi. Alikunywa uji, alikaa penye jiwe jeupe alasiri, alimfundisha Mama Jerotich kupinda ukingo wa blanketi. Jumanne, Septemba 30, saa kumi jioni, mvua ilinyesha kwa nguvu juu ya mabati ya hapa, na ilipokatika alikuwa ameinua kichwa kidogo, kama anayesikiliza, na hivyo ndivyo alivyotuacha, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Jana, Ijumaa, tulipomtoa mochari, tulimpitisha Mabati Mekundu kwa saa moja. Hatukupanga lililotokea. Watu waliingia, na kila aliyejua kitanda chake akaenda kusimama penye alama zake, wazee na vijana, wakabanana sana kwenye kitanda cha sita, ambapo akina mama wawili walibishana nani ametangulia mpaka wakacheka wenyewe, na yule wa bodaboda akasimama mlangoni, mahali pake. Kitanda cha tisa kiliachwa wazi, na hapo ndipo jeneza lilipowekwa, Griffin akasimama upande wa miguu. Kuhusu jengo lenyewe, tunasikia lina mpango mwingine tena, wengine wanasema maktaba, wengine soko, na hatujui. Sakafu tuliipiga nta.

Marehemu amemwacha mke mwenzake Mama Jerotich, mwanawe Chebet na nduguze wanne, wajukuu kumi na watatu, na watoto wa vitanda kumi na viwili ambao hawana idadi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kakamega, hasa yule wa zamu ya mchana aliyekuwa akimgeuza mto bila kuombwa, tunamshukuru Sista Chepkemoi, Mwalimu Christine, majirani wa Lurambi waliochota maji yake, waendesha bodaboda, wazee wa ukoo waliokunywa chai wakakubali, na mama mkwe aliyetangulia, aliyelitunza neno dogo hadi likapata mwenyewe.

Mama Barasa, Awinja wetu, zamu yako imeisha, umetubeba wengi hadi langoni na leo umefikishwa mlangoni, mwanao yuko hapo nyuma tu. Hakuna tena anayesema umechelewa. Pumzika kwa amani.